Malalamiko Kuhusu Huduma ya Masahihisho ya GPS, 11 Mei 2024

Dodoma,
20 Mei 2024

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: KIPOKEZI CHANGU KUITWA KIBOVU WAKATI WA DHORUBA YA SUMAKU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 11 Mei nilikuwa napima viwanja kwa masahihisho yenu, yaani data za kituo chenu zinazorekebisha vipimo vya satelaiti, ambayo nayalipia kila mwezi. Rova, yaani kipokezi ninachotembea nacho, iligoma kufiksi (kupata nafasi ya uhakika), na ilipokubali, jiwe la mpaka nililolipima jana yake lilionekana limehama karibu nusu mita. Nilipowapigia, mhudumu wenu alisema kipokezi ni kibovu, kisha akamwandikia mteja wangu maneno hayohayo.

Kipokezi ni kizima. Ijumaa saa mbili usiku kwa saa zetu dhoruba ya sumaku, yaani msukosuko wa uga wa sumaku wa Dunia unaosababishwa na Jua, ilianza, ikapanda hadi G5, daraja la juu kabisa, ambalo halikufikiwa tangu Oktoba 2003. Wamarekani walikuwa wameshatoa tahadhari ya G4 kabla haijafika. Ninyi, ambao biashara yenu yote inapita kwenye anga linalovurugwa na dhoruba hizo, mlinyamaza.

Nilipomtajia mhudumu dhoruba hiyo, alinijibu kuwa hayo ni mambo ya nchi za baridi. Hapo ndipo aliponiudhi hasa. Kila mchana, kwenye kimo cha kilomita 100 na ushei, mkondo wa umeme hutiririka kuelekea mashariki juu ya ikweta ya sumaku (mstari ambapo uga wa sumaku wa Dunia umelala sambamba na ardhi), ambayo upande wetu inapita Ethiopia. Uga wa umeme unaousukuma mkondo huo ndio unaonyanyua elektroni (chembe ndogo za umeme zilizo angani) juu, nazo hushukia pande zote mbili, takribani nyuzi 15 kaskazini na kusini. Shuka nyuzi 15 kutoka Ethiopia uone kama hujaangukia Tanzania! Dhoruba ikipiga, uga wa umeme wa huko karibu na ncha za Dunia hupenya hadi ikweta karibu papo hapo. Saa kadhaa baadaye hufuata pepo za juu zilizopashwa joto hukohuko, ambazo huweza kuudhoofisha mkondo ule au kuugeuza uelekee magharibi. Elektroni zikivurugika hivyo, mawimbi ya satelaiti hucheleweshwa tofauti kila mahali, na masahihisho ya kituo chenu kilicho mbali hayalingani tena na anga lililo juu ya rova yangu.

Siwalaumu kwa Jua. Nataka mrudishe malipo ya mwezi wa Mei, na mmwandikie mteja wangu kufuta kauli yenu, maana amesimamisha kunilipa kwa sababu hiyo. Pia mtutumie wateja SMS kila tahadhari kama hiyo inapotolewa. Jua liko karibu na kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, na msimu wa kupima ndio kwanza umeanza.

Nijibuni kwa maandishi ndani ya siku 14. Simu za mhudumu yule sizihitaji.

Wenu,
Mpima ardhi mwenye leseni