Mhariri, hili neno racket mtutafsirie vizuri

Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na nina jambo limenikaa moyoni tangu ile kesi ya Diddy, yule mwanamuziki wa Marekani, kule New York, maana Julai 2, 2025 uamuzi ulipotoka watu hapa kijiweni walibishana mpaka basi, mmoja anasema jamaa kaachiwa, mwingine anasema kakutwa na hatia, na wote wamesoma habari kwa Kiswahili. Ukweli ni kwamba shtaka la kusafirisha watu kwa ajili ya ukahaba lilimshika, ila lile kubwa linalotokana na neno racket, wenyewe wanaliita racketeering, lilimwachia. Sasa hilo kubwa ndo lipi? Sehemu moja nikakuta wameandika utapeli, kwingine ulaghai, kwingine wameacha "raketi" hivyo hivyo kama vile jamaa alishtakiwa kwa mambo ya tenisi. Ukiuliza simu yako inakuambia kelele. Jamani!

Simu haijadanganya lakini. Kelele ni maana ya zamani sana, Waingereza wanalitumia hivyo tangu karne ya 16, zile kelele za vurugu, watu wanagonga vitu, wanapiga mayowe, jirani hulali. Wengi wanaona limetokana na mlio wenyewe tu, kama sisi tunavyosema pwaa au chubwi. Raketi ya tenisi yenyewe imepita njia nyingine, imetoka Ufaransa, kwenye mchezo ambao zamani walikuwa wanaupiga mpira kwa kiganja kabla hawajaanza kutumia kifaa, na ndo maana wapo wataalamu wanaolirudisha hadi kwenye neno la Kiarabu la kiganja, japo wengine wanakataa. Shakespeare alishayachezea maneno haya mawili pamoja kwenye tamthilia yake ya Henry wa Nne, sehemu ya pili, mwishoni mwa miaka ya 1590, mwana wa mfalme anamtania rafiki yake Poins kuhusu uwanja wa tenisi na fujo kwa neno hilo hilo moja.

Maana ya tatu, ya uhalifu, ndo inayonihusu. Ilikuwaje neno la kelele likawa neno la wizi? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya wezi wa mifukoni, kwamba kundi linaanzisha zogo barabarani watu wageuke, huku mwenzao anakusanya. Hii mtu yeyote aliyewahi kugombania daladala jioni anaijua, mlangoni wanasukumana, wawili wanatukanana kwa sauti ambayo hata haieleweki wanagombea nini, ukija kukaa kwenye siti unapapasa mfuko hamna simu. Wengine wanasema hapana, limetoka kwenye mchezo, kama sisi tunavyosema "hapa kuna mchezo unachezwa." Mimi nawaelewa wote wawili, maana Kiswahili chetu nacho kimeyaweka pamoja bila kumuuliza mtu: kelele tunapiga, mpira tunapiga, dili tunapiga, na anayekula hela za umma tunamwita mpigaji.

Lakini lililolifanya neno likue ni Chicago ya miaka ya 1920, na hapa naomba mnivumilie. Watu wakisikia Chicago wanafikiria pombe ya magendo na Al Capone, ni kweli, ila ukiacha pombe kulikuwa na biashara ndogo ndogo kama za madobi. Una duka lako la kufua na kupiga pasi suti, anakuja mtu amevaa vizuri anakuambia jiunge na chama chetu, kila mwezi unalipa ada, na bei usishushe. Ukikataa hakuna anayekugusa siku hiyo. Baadaye inaletwa suti kama suti nyingine, kumbe kwenye pindo wameshonea kemikali, ikiingia kwenye mashine inalipuka na mzigo wa wateja wote unaungua. Au asidi inamwagwa kwenye nguo za watu. Halafu yule mtu anarudi kukupa pole na kukuuliza kama umeshafikiria. Yaani anakuuzia ulinzi dhidi yake yeye mwenyewe. Ni kwenye mji huo huo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, ndo wenye kazi hiyo wakaanza kuitwa kwa jina lililotoka kwenye racket, yaani racketeer, na magazeti ya kule yakalibeba.

Tatizo likawa sheria. Anayeshona kemikali unaweza kumkamata, anayemwaga asidi unaweza, ila bosi hajashika chochote, yuko hotelini anakula. Capone mwenyewe mwaka 1931 alifungwa kwa kukwepa kodi, miaka 11, siyo kwa hayo mengine yote. Mpaka 1970 ndo Marekani wakatunga sheria inayolenga genge lenyewe, kwamba ukionyesha kuna kundi, na mtu amefanya angalau makosa mawili ya kwenye listi yao ndani ya miaka 10 kwa ajili ya hilo kundi, basi unamshtaki kwa kuendesha genge na anaweza kula mpaka miaka 20 au hata maisha. Kwa sheria hiyo wakawapata mabosi wa Mafia wa New York miaka ya 1980, wakawapata viongozi wa mpira wa FIFA Mei 27, 2015 pale Zurich, polisi waliingia hotelini alfajiri na wafanyakazi wakawa wanawakinga na mashuka wasipigwe picha, washtakiwa 14, makosa 47, rushwa za zaidi ya dola milioni 150. Na mwimbaji R. Kelly, 2021.

Sasa mhariri ukiita hayo utapeli unakuwa umempunja msomaji. Tapeli ni mtu mmoja kakuuzia kiwanja cha mwenzake. Hapa kinachoshtakiwa ni genge na anayelisimamia, na hilo ndo wazee wa baraza wa kule walisema halikuthibitishwa kwa Diddy, ila kosa la kusafirisha watu likabaki, hakuna mkanganyiko wowote ukielezwa hivyo.

Na neno tunalo! Kwenye kesi za uhujumu uchumi hapa kwetu, zile za sheria ya mwaka 1984, nyie wenyewe mnaandika kila mara "kuongoza genge la uhalifu," na kila mtu anaelewa. Kenya nao wana sheria yao ya 2010 ya uhalifu wa kupangwa, na waliyoyaona wenye matatu enzi za lile kundi la Mungiki, kutozwa hela kwenye steji la sivyo gari haliondoki, ni yale yale ya madobi wa Chicago. Vitu tunavijua kwa majina yake, mwandishi wa habari za nje akifika kwenye neno la Kizungu ndo anaanza kubahatisha.

Ombi langu ni dogo. Kesi ya aina hii ikitokea tena, na zitatokea tu, andikeni kuendesha genge la uhalifu, halafu wekeni sentensi moja chini yake ya kueleza kwamba ni sheria ya Marekani ya 1970 na inamkamata anayetoa amri. BAKITA nao wakiweza kulipitisha rasmi tutashukuru, maana redio na wale wa mitandaoni wanaiga kutoka kwenu. Raketi iacheni ukurasa wa michezo.

Msomaji wenu, Morogoro