Mimi wa mahamri nna leseni, mwenye ploti hana: barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba wa kaunti yetu

Asalaam aleikum Mheshimiwa. Natumai hujambo na watu wa nyumbani wote wazima.

Mimi nauza mahamri na mbaazi hapa Malindi, upande wa Maweni. Kibandani kwangu nmetundika karatasi mbili, leseni ya biashara na cheti cha afya kile cha miezi sita, nmezitia kwenye plastiki maana moshi wa mafuta unazila. Afisa akija hizo ndizo anaangalia kabla hata hajaketi. Sina neno, anayelisha watu lazima achunguzwe. Sasa mwenye ploti nnayolala ana vyumba tisa na kodi anakusanya kila tarehe tano bila kukosa, karatasi yake yeye iko wapi? Ombi langu ni hilo, wenye ploti za kupangisha nao watakiwe leseni na wakaguliwe.

Ploti yenyewe nikueleze. Vyumba ni futi kumi kwa kumi, choo kimoja cha shimo, bafu moja la mabati kule pembeni, mita ya stima moja iko kwa keateka, yule mwangalizi wa ploti. Waya unatoka pale unapita juu ya kamba za kuanikia nguo unaingia kila chumba kwa kitundu, na mahali ulipokatika umefungwa kwa mfuko wa nailoni. Mvua za mwezi wa tano mwanangu alienda kuoga mara akatoka mbio na povu kichwani analia bati linauma, nkadhani ni utundu wake tu hataki kuoga, nkaenda mwenyewe nkaweka mkono, wallahi ganzi ilipanda mpaka kwenye kisugudi. Nkamwendea keateka. Akanambia, ogeni na ndara.

Mwenzetu wa chumba cha saba ndiye alimpigia landlodi akamwambia hili jambo nitalifikisha mbele. Wiki haikuisha kaambiwa ahame, chumba kinataka kupigwa rangi. Rangi mpaka leo hatujaiona, kaingia mpangaji mwingine kwa mia tano zaidi na waya uko vile vile.

Watu wananambia si kuna mahakama ya mambo ya kodi za nyumba. Iko, lakini ile sheria yake, Cap 296, ni ya nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mimi nalipa 3,500 kwa hicho chumba tunacholala watu wanne. Kwa hivyo kisheria mimi ni tajiri, alhamdulillahi.

Na usinambie kupangisha vyumba si biashara. KRA, wale watu wa ushuru, wanataka asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba kwa anayepata kuanzia 288,000 mpaka milioni 15 kwa mwaka. Vyumba tisa mara 3,500 ni 31,500 kwa mwezi, zidisha mara kumi na mbili uone, huyu keshapita zamani. Tena vila za wageni kule Casuarina sheria ya utalii ya 2011 inazitaka ziwe na leseni, Mtaliano akilala siku tatu mahali pake pakaguliwe, sisi tunaolala mwaka mzima hatuna mkaguzi?

Nna mtoto wa khalati yangu yuko London, mtaa wa Newham. Kule halmashauri yao tangu 2013 ilitaka karibu kila mwenye nyumba ya kupangisha awe na leseni, na nyumba ambayo wanakaa watu watano au zaidi wa familia mbalimbali wakichangia choo na jiko, leseni ni lazima Uingereza nzima. Asiyekuwa nayo mpangaji anaweza kudai arudishiwe kodi yake. Yeye kanipigia picha ukuta wa mlangoni, pameandikwa jina la msimamizi wa nyumba na simu yake, kila mtu anaona. Mimi landlodi wangu namjua kwa namba ya M-Pesa tu. Halafu akanambia chumba cha kulala watu wazima wawili hakitakiwi kuwa chini ya mita za mraba 10.22. Nkamwambia mwanangu wa kidato cha pili apige hesabu ya futi kumi kwa kumi, ikaja 9.29. Nlicheka peke yangu.

Sisemi uchukue ya Uingereza uimwage hapa kama ilivyo. Kuna mama watu wazima kule Shela wana nyumba ya Kiswahili ya urithi, wanapangisha vyumba viwili vya mbele wapate ya unga, hao waache kabisa usiwasumbue. Anza na ploti za vyumba vitano kwenda juu. Na ada iwe ndogo, ya ploti nzima si ya kila chumba, maana tunajuana, ikiwa kubwa atatugawia sisi wapangaji kisha aongeze na yake juu. Shida yangu si pesa, mimi nataka mtu mwenye testa ya stima afike aguse lile bati kabla leseni haijatoka. Ahesabu vyoo pia.

Na kama utalisahau lote hili usisahau la chumba cha saba. Mpangaji akipeleka malalamiko asihamishwe mpaka ukaguzi uishe, bila hivyo hiyo leseni itakuwa ya kutundikwa tu, hakuna atakayefungua mdomo, hata mimi barua hii nmeiandika bila jina na kodi ya mwezi huu nshalipa mapema nisije nkapewa sababu.

Mambo ya nyumba na leseni za biashara Katiba ya 2010 imeyaweka kwa kaunti kwa hivyo sijakosea mlango. Ukija njoo alfajiri kabla foleni ya choo haijaanza, uliza kwa mama wa mahamri watakuleta, na tafadhali uvae viatu vya raba.