Wosia wa kitandani si kama wa kwenye filamu ya Kihispania

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuzungumzie filamu za Kihispania za kifamilia zinazotazamwa majumbani hapa Mwanza, zile ambazo baba yuko hoi kitandani, watoto wamerudi kutoka mbali, na kabla hajakata roho inajulikana kuwa ana mtoto mwingine pembeni. Ni filamu nzuri na zinagusa, maana jambo hilo lipo Kirumba, lipo Igoma, na lipo hata visiwani, ambako mvuvi anaweza kuwa na familia Ukara na ndugu zake wa huku wasijue hata jina la mtoto. Tatizo linaanza pale mtazamaji anapodhani kwamba na kwake mambo yataisha kama alivyoona.

Kwa Wahispania, siri ikifichuka mtoto hapotezi haki yake. Katiba yao ya 1978 iliwaweka watoto wote sawa, wa ndani na wa nje ya ndoa, na mwaka 1981 sheria za kiraia zikarekebishwa kuifuata. Katika sehemu kubwa ya nchi hiyo mali ya marehemu mwenye watoto huwa mafungu matatu. La kwanza ni la watoto wote, sawa kwa sawa. La pili mzazi anaweza kumwongezea mtoto au mjukuu amtakaye. La tatu tu ndilo analoweza kumpa mtu yeyote. Ndiyo maana sebule nzima hutetemeka dada asiyejulikana anapobisha hodi: fungu lake lipo, kaka wanune wasinune.

Wosia wao kwa kawaida hutunzwa na notario, ofisa wa sheria anayeuandaa, na taarifa zake husajiliwa Madrid. Mtu akifa, warithi husubiri siku 15 za kazi ndipo waombe hati inayoonyesha kama wosia upo na uko kwa notario gani. Hata aliye katika hatari ya kufa ana njia yake: anaweza kutamka wosia mbele ya mashahidi 5 bila notario. Akipona, miezi 2 ikipita wosia huo haufai tena; akifa, lazima upelekwe kwa notario ndani ya miezi 3.

Huku kwetu, kwa familia zinazofuata mila, zinatumika kanuni za mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436. Kanuni hizo zinasema mtoto wa nje ya ndoa harithi upande wa baba kama baba amekufa bila kuacha wosia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa mali ya mzazi wake, lakini kuipata haki hiyo mahakamani huku ukoo mzima ukipinga ni safari ndefu. Kwa hiyo baba akinyamaza, anayeumia ni mtoto.

Kwa kanuni hizo za mila, mgonjwa akitaka kutoa wosia kwa mdomo, wawepo mashahidi wasiopungua 4: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Kwa maandishi, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua anahitaji 4, wawili kwa wawili, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Wosia uandikwe kwa wino au upigwe chapa, penseli haikubaliki. Iwekwe tarehe, na itajwe kuwa anayeusia ana akili timamu. Mrithi asiwe shahidi. Hapa ndipo wosia mwingi unapofia: kijana mkubwa anaandika, anashuhudia, na ndiye anayeachiwa nyumba. Na wosia ulioandikwa haufutwi kwa maneno ya mdomo, hata yakitamkwa dakika ya mwisho mbele ya watu wote. Kwa Mwislamu utaratibu ni mwingine: wosia usizidi theluthi moja ya mali, na hiyo hapewi mrithi mwenye fungu lake.

Siku hizi watu wanamrekodi mgonjwa kwa simu. Ukisikiliza, kuna pumzi nzito, halafu mtu anauliza, "Baba, si ulisema nyumba ya Buswelu ni ya Kulwa?" na mgonjwa anaitikia, "Mmh." Jibu limetiwa mdomoni, mashahidi hawajulikani, akili yake saa hiyo inabishaniwa. Rekodini mkitaka, lakini iteni mashahidi kwanza.

Mali itajwe kwa alama zake. Kiwanja, namba yake na kitalu. Mtumbwi, namba ya usajili iliyopakwa ubavuni. Injini, namba iliyogongwa kwenye chuma, maana injini ndiyo hutoweka kabla ya arobaini. Nyavu zihesabiwe, taa za dagaa pia, na madeni yasisahaulike. Msimamizi wa mirathi anayeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na hesabu, na kama marehemu hakusema, yeye ataandika anachokiona tu. Wosia unaweza kutunzwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), kwa wakili au benki. Mtu mmoja aliye nje ya ugomvi ajue uko wapi.

Kama kuna shaka kuhusu mtoto, kipimo cha vinasaba kifanyike baba akiwa hai. Sampuli ni mate ya ndani ya shavu au damu. Maombi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hupitia kwa wakili, mahakama, polisi, daktari au ustawi wa jamii. Mtu hajipeleki mwenyewe. Baba akishazikwa, sampuli italazimika kutoka kwa ndugu zake au watoto wake wengine, nao ndio wanaoshindana na huyo mtoto.

Wasaidizi wa kisheria,
Nyamagana, Mwanza