Binti yangu anaogopa kukosea: nimsaidieje afikiri mwenyewe?

Asalaam aleikum Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Langoni, mjini Lamu, na ninaandika kuhusu kifungua mimba wangu aliye Gredi ya 5. Alama zake si mbaya, na walimu humsifu kwa utulivu wake. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba hastahimili kukosea, na asipokuwa na hakika ya jawabu hajaribu hata kulitafuta. Hukaa na penseli mkononi akisubiri mimi au babake tulitaje, naye aliandike.

Juzi alikuja na swali la hisabati alilofanya tuisheni: wanafunzi 90 wanavuka kutoka Lamu kwenda Mokowe, na kila mashua inachukua watu 20, je, zinahitajika mashua ngapi? Alikuwa ameandika "4 baki 10", na mwalimu ameweka tiki. Nikamuuliza, "Na hao kumi waliobaki, watavukaje?" Mtoto huyu amepanda mashua za Mokowe tangu akiwa wa kubebwa, na anajua vyema kwamba hakuna mwalimu atakayewaacha wanafunzi gatini akaenda zake. Hata hivyo alinitazama, akaitazama ile tiki, akasema, "Mama, mwalimu amesema ni sawa." Nilipomwomba anichoree mashua hizo, alifuta kazi yote mpaka karatasi ikatoboka, kisha akalia, akidhani namwambia kwamba amefeli.

Linalonishangaza ni kuwa mtoto huyuhuyu hana woga huo akiwa madrasa. Akikosea madda, yaani kuvuta sauti katika kisomo cha Kurani, ustadhi humsimamisha papo hapo mbele ya wenzake, naye huirudia aya tangu mwanzo, hata ikiwa ni mara kadhaa, wala harudi nyumbani na huzuni. Nimelitafakari sana jambo hili, na naamini sababu ni kwamba pale kila mtoto husahihishwa, hata aliye hodari kuliko wote, na kosa halihesabiwi maadamu msomaji anaendelea mpaka aipatie. Katika hisabati, kosa hutiwa kalamu nyekundu, alama hupungua, na darasa huhamia funzo jingine kabla mtoto hajapata nafasi ya kulirudia alilokosea.

Mtaala wa Umilisi unaofuatwa na shule zetu hapa Kenya unataja uwazaji kina na utatuzi wa matatizo, pamoja na kujiamini, miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliowatia watoto kiwewe, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Nilitarajia kwamba shinikizo lingepungua. Lakini kwa sababu KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, ina maswali ya kuchagua jawabu, huko tuisheni watoto wanazoezwa kutambua herufi ya kutia alama kuliko kueleza kwa nini wameichagua. Miradi ya shule nayo, ambayo ingekuwa nafasi nzuri ya kujaribu na kukosea, mara nyingi hutengenezwa na wazazi usiku ili mtoto asiaibike asubuhi.

Nyumbani hatujakubaliana. Mume wangu anaona heri nimpe jawabu, kwani mtoto anayelia hajifunzi kitu. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye na ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi, ana hofu nyingine: kwamba tukimzoeza kuuliza "kwa nini" na "umejuaje", ataota ujeuri, leo ambishie mwalimu na kesho babake. Siipuuzi hofu hiyo. Hapa kwetu mtoto hutazamwa adabu kabla ya kutazamwa alama, nami sitaki binti yangu apate hoja akakosa heshima. Ila nahofia pia kwamba mtoto asiyethubutu kumuuliza mtu mzima swali hatathubutu kumkatalia mtu mzima anayemtaka jambo baya.

Kwa sasa, baada ya maghribi, namuuliza "umefikaje hapo?" hata anapopatia, ili swali langu lisiwe kwake dalili ya kosa. Kuna siku hueleza vizuri sana, na kuna siku hunyamaza, macho yakamlengalenga machozi.

Naomba walimu na wazazi wenye uzoefu wanishauri. Machozi yakianza, nimwache ahangaike kwa muda gani kabla sijamsaidia, na nimsaidie vipi bila kumtajia jawabu? Na kuhusu lile swali la mashua, je, nimwendee mwalimu mwenyewe kwa faragha, au nimfundishe binti yangu namna ya kumuuliza kwa adabu, nikijua kwamba akijibiwa kwa ukali mbele ya wenzake huenda asiulize tena darasani? Mavyaa angependa niende mimi. Moyo wangu unaniambia aende mtoto, nami nisimame karibu.

Nitashukuru nikipata jawabu kabla muhula haujafungwa, kwa kuwa mwaka ujao anaingia Gredi ya 6.

Wasalaam,
Mzazi, Langoni, Lamu