Vijana wetu wa kandanda wapewe mashindano ya mataifa ya Kiswahili

Kwa Mhariri,

Ninaandika kuwatetea vijana wa kandanda wasio na wa kuwasemea: wale waliomaliza Kidato cha Nne, wenye umri wa miaka kumi na minane hadi ishirini, ambao hadi mwaka jana walikuwa wakishangiliwa na shule nzima na leo hawana mechi ya maana ya kucheza. Mataifa yanayozungumza Kifaransa yana jambo moja ambalo sisi wa Kiswahili tungefaa kulifanya, tena kwa lugha yetu na katika viwanja vyetu, na naomba nafasi katika ukurasa wako nilieleze kwa kirefu.

Jambo lenyewe ni Michezo ya Francophonie. Wakuu wa nchi za Kifaransa walikubaliana kuianzisha walipokutana Quebec, Canada, mwaka 1987, na miaka miwili baadaye ikafanyika kwa mara ya kwanza nchini Morocco. Tangu hapo imezunguka Ufaransa, Madagascar, Canada, Niger, Lebanon, Ufaransa tena mwaka 2013, Côte d'Ivoire mwaka 2017, na mara ya tisa ikaandaliwa jijini Kinshasa kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023. Ina riadha, judo, mieleka, mpira wa vikapu na michezo mingine, lakini mimi kama kocha nimevutiwa zaidi na soka yake, kwa sababu imetengewa vijana wasiozidi umri wa miaka 20. Kule Abidjan mwaka 2017, Morocco ilitwaa dhahabu kwa kuwashinda wenyeji kwa mikwaju ya penalti. Mvulana wa miaka kumi na tisa anayetembea kutoka katikati ya uwanja kwenda kupiga penalti ya fainali, huku umati mzima wa nchi ya watu ukimzomea, hujifunza jambo ambalo hakuna kocha anayeweza kumfundisha mazoezini.

Sisemi kwamba Michezo ya Francophonie pekee ndiyo iliyoinua soka ya nchi hizo. Wameweka mengine pia. Morocco ilijenga chuo cha soka cha Mohammed wa Sita karibu na Rabat. Nchini Senegal, akademia ya Génération Foot, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilifunga urafiki na klabu ya Metz ya Ufaransa, na Sadio Mané akapitia njia hiyo. Mjini Abidjan, vijana wa akademia ya ASEC Mimosas waliokuwa bado wachanga waliishinda Espérance ya Tunisia mwaka 1999 na kutwaa Kombe la Super la Afrika, na kutoka akademia hiyo wakatokea Kolo Touré, ndugu yake Yaya, Salomon Kalou na Gervinho. Ninachosema ni kwamba katika nchi hizo kijana wa umri huo ana mahali pa kulelewa na pia ana mahali pa kwenda kujipima, na kimoja bila kingine hakifiki mbali.

Tazama yaliyotokea mwaka 2025. Timu yetu ya taifa ya Kenya ya vijana wasiozidi miaka 20, Rising Stars, ilifuzu kwa mara ya kwanza kabisa kushiriki Kombe la Afrika la umri huo, lililochezwa nchini Misri. Katika mechi ya kundi tulifungwa na Morocco mabao 3 kwa 2. Miezi mitano na ushei baadaye, tarehe 19 Oktoba, Morocco ile ile ilikuwa Chile ikiwalaza Argentina 2-0 na kutawazwa mabingwa wa dunia, na Yassir Zabiri aliyefunga mabao yote mawili ni zao la chuo hicho cha Mohammed wa Sita. Bao moja tu ndilo lililotutenga nao kule Misri. Wasomaji wanaoamini kwamba vijana wetu hawana kipaji nawasihi waitafakari mechi hiyo kwa utulivu, kwa maana kipaji hakikutenganisha timu hizo mbili kwa kiasi wanachodhani. Kilichozitenganisha ni idadi ya mechi ngumu ambazo kila upande ulikuwa umecheza kabla ya kukutana, na kila upande ulirudi kwenye nini baada ya kipenga cha mwisho.

Hapa Kisumu naona kwa macho yangu kinachotokea. Kiungo mmoja niliyemfundisha, ambaye alikuwa na jicho la kuona pasi kabla ya wenzake, sasa anabeba abiria kwa pikipiki kati ya Kondele na Mamboleo. Jioni hufika uwanjani tunapofanyia mazoezi, huvua koti lake la kumeremeta akalitundika kwenye mlingoti wa goli, huazima njumu za mwenzake ambaye miguu yao inakaribiana, akacheza. Akipokea mpira mgongo ukiwa kwa goli, bado anageuka kwa mguso mmoja. Kisha giza linapoanza kuingia huvaa tena koti na kuondoka kabla ya wengine, kwa sababu mwenye pikipiki anataka hesabu yake kila siku. Kazi yake ni ya halali na naiheshimu. Inamlisha yeye na mama yake. Linaloniuma ni kwamba tangu amalize shule hakuna mtu mwenye mamlaka katika soka aliyemtazama akicheza dhidi ya kijana wa umri wake kutoka nchi nyingine.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Mataifa yanayotumia Kiswahili yaandae mashindano yao ya soka ya vijana wasiozidi miaka 20, kila baada ya miaka miwili, na ya kwanza yafanyike huku magharibi mwa Kenya. Washiriki wako karibu: Kenya, Uganda, Tanzania Bara, Zanzibar, Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Komoro. Msomaji makini atatambua kwamba Rwanda, Burundi, Kongo na Komoro ni wanachama wa jumuiya ya Kifaransa pia. Vijana wao wana milango miwili ilhali wetu hawana hata huo mmoja. Kongo iliyokuwa mwenyeji mwaka 2023, iliyokarabati hata Uwanja wa Tata Raphaël ambapo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974, ni nchi ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa, na kijana wa Goma, Bukavu au Lubumbashi akija Kisumu ataagiza samaki wake bila mkalimani.

Najua nitaambiwa kwamba tayari kuna mashindano ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Yapo, na mwaka 2024 vijana wetu walifika fainali yake wakashindwa 2-1 na Tanzania, wenyeji. Lakini mashindano hayo siku hizi hutumiwa kama mchujo wa kufuzu Kombe la Afrika, na kocha anayetafuta tiketi hawezi kumjaribu kijana asiyejulikana kutoka Bungoma au Siaya. Huchukua wale anaowaamini na kuwachosha. Mashindano ninayoyapendekeza hayangekuwa na tiketi yoyote mwishoni. Kila timu ingehakikishiwa mechi tano au sita, hata ikifungwa zote, na kila nchi ingetakiwa kuleta angalau nusu ya wachezaji ambao hawajawahi kuivalia timu ya taifa jezi. Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambayo Kakamega iliiandaa Agosti 2025, inafanya kazi hiyo vizuri kwa wanafunzi. Pengo huanza siku mwanafunzi anaporudisha sare ya shule.

Kuna jambo moja la Kifaransa ambalo nisingependa tuliige. Katika Michezo ya Francophonie soka ni ya wavulana tu. Sisi tusidiriki kufanya hivyo, hasa katika eneo hili ambalo limetoa klabu ya wanawake ya Vihiga Queens na shule za wasichana zinazotamba kitaifa kama Wiyeta na Butere. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kucheza Kombe la Dunia, ya wavulana au wasichana, ya wakubwa au wadogo, ilikuwa ya wasichana: Junior Starlets, wasiozidi miaka 17, mwaka 2024 kule Jamhuri ya Dominika, na wakaishinda Mexico 2-1. Yakiandaliwa mashindano ya wavulana bila ya wasichana, mimi nitakuwa wa kwanza kuyapinga.

Jambo lingine la wenzetu, hata hivyo, ningependa tulichukue lote. Michezo yao huambatana na mashindano ya nyimbo, ngoma, uchoraji, upigaji picha na usimuliaji wa hadithi, na washindi wa sanaa hupewa medali kama wanariadha. Sisi tuna ushairi, ngonjera na utambaji, na tuna ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa sanaa zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Shairi likighanwa wakati wa mapumziko ya mechi, mbele ya watu waliokuja kutazama mpira, litawafikia wengi ambao hawajawahi kuhudhuria kongamano la Kiswahili.

Gharama si jambo la kupuuzwa. Michezo ya tisa ya Francophonie ilikuwa imepewa miji ya Moncton na Dieppe nchini Canada, ambayo ilijiondoa mwaka 2019 makadirio yalipopanda kupita uwezo wao. Hata Kinshasa ilipoichukua, iliahirishwa kutoka 2021 hadi 2022 na tena hadi 2023. Tukianza kwa kutaka kujenga viwanja vipya, hatutaanza kamwe. Lakini Kisumu ina uwanja wa Mamboleo uliotumika kwa Sikukuu ya Madaraka mwaka 2021, Kakamega ina Bukhungu, na Bungoma ina uwanja wa Sudi. Malazi nayo yanaweza kuwa mabweni ya shule, kama ilivyo desturi katika michezo ya wanafunzi. Wapo watakaotaka mashindano yafanyike juma la tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na wazo hilo lina heshima yake, ila Julai shule zetu huwa zimejaa. Naona Desemba inafaa zaidi: mabweni ni matupu, watahiniwa wa Kidato cha Nne wamemaliza mitihani, na walimu wa michezo wana nafasi ya kusaidia.

Lipo pia suala la umri, ambalo tukilifumbia macho litaua mashindano haya kabla hayajakomaa. Januari 2023 Cameroon iliwaondoa wachezaji 21 kati ya 30 kutoka kikosi chake cha wasiozidi miaka 17 baada ya kipimo cha MRI, yaani picha ya mifupa inayopigwa kwa mashine, cha kifundo cha mkono, na sisi ambao tumesimamia michezo ya shule tunajua kwamba vyeti vya kuzaliwa vya kutia shaka havipatikani Cameroon peke yake. Kipimo hicho kilibuniwa kwa ajili ya wasiozidi miaka 17 na hakiwezi kuamua umri wa kijana wa miaka 20. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kukagua rekodi za shule: mwaka aliojiunga na darasa la kwanza, nambari ya mtihani wa shule ya msingi, na barua ya mwalimu mkuu anayekubali kuwajibika ikibainika amedanganya. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, lakini bila kuifanya tutakuwa tukiwapa watu wazima nafasi za watoto.

Sisi Wakenya tumeona Agosti 2025 tunachoweza kufanya pamoja na majirani. Tulipoandaa pamoja na Tanzania na Uganda mashindano ya CHAN, ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, Harambee Stars iliifunga Kongo na hata Morocco, 1-0 kila moja, kabla ya kuondolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Mwaka 2027 nchi hizo tatu zimepewa Kombe la Afrika lenyewe. Fedha nyingi zitakwenda Nairobi, na sina ugomvi na hilo, lakini timu ya taifa itakayohitaji wachezaji mwaka 2029 na 2031 itawatoa miongoni mwa vijana ambao leo wana miaka kumi na tisa na hawachezi.

Ninawaomba magavana wa Kisumu, Kakamega na Bungoma wakutane na Shirikisho la Soka nchini kabla ya bajeti ijayo ya kaunti kusomwa, na kwa pamoja waiandikie Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, wakijitolea kuwa wenyeji wa mashindano ya kwanza. Makocha wa shule za upili wa eneo hili tuko tayari kuandaa orodha ya vijana, mmoja mmoja, pamoja na rekodi zao za shule.

Mwalimu na kocha wa shule ya upili,
Kisumu