Gomesi za kukodi na sanduku la bibi

Mhariri,

Shule anayosoma binti yangu hapa Jinja imetuletea barua wazazi: siku ya utamaduni imekaribia, kila msichana aje na gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, na asiye nayo atakodishiwa na shule kwa shilingi 30,000. Siku yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hizo gomesi. Mwaka jana nilizishika kwa mkono wangu. Zina zipu mgongoni, mshipi umeshonewa papo hapo kwenye nguo, na vile vifungo viwili vya bega la kushoto ni pambo tu, havifungi wala havifungui kitu. Mtoto anatumbukizwa ndani kama mto kwenye foronya, anapigwa picha, anavuliwa.

Sisi tulijifunza kuivaa chumbani kwa bibi, kule Walukuba. Bibi hakuwa Mganda wala Msoga. Alimfuata babu aliyekuja kufanya kazi kiwanda cha nguo cha Nytil, akakuta majirani hawaendi harusini bila gomesi, naye akashonesha yake. Ilikaa kwenye sanduku la bati pamoja na leso za Mombasa, kanzu ya babu na koti lake jeusi, vyote vikinuka naftalini. Likizo ikifika tunalivuta sanduku uvunguni, tunacheza kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa nyumbani kwa wazazi wa msichana. Binamu yangu anazama ndani ya koti, mikono inaning'inia, ndiye msemaji wa upande wa bwana harusi. Mimi siku zote nilikuwa ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, maana nilikuwa na mdomo. Mahari ilikuwa maembe mabichi.

Bibi hakutufukuza, ila hakutaka nguo ivaliwe ovyo. Kwanza kikoi ndani, ili gomesi isigande mwilini na nyonga zijae. Kisha gomesi yenyewe, vifungo begani, kitambaa kinachozidi unakikunja mbele, halafu mshipi unafungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga. Ukiufunga tumboni, bibi anafungua yote, unaanza upya. Urefu alitupunguzia kwa pini, kisha anakuamuru utembee mpaka mlango wa jikoni na kurudi bila kukanyaga pindo. Mwisho unapiga magoti kusalimia wageni. Hapo ndipo tulipokuwa tunaanguka, na bibi akicheka mpaka machozi yanamtoka.

Inasimuliwa kwamba gomesi ya kwanza ilishonwa na fundi wa Kigoa, Gomes, mnamo 1905 kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza, na kwamba ilivuma mwaka 1914 baada ya mkewe Daudi Chwa, Kabaka (mfalme) wa Buganda, kuivaa. Basi kama ilianzia shuleni, shule zetu zinashindwaje kuipa nafasi zaidi ya picha?

Ombi langu kwa walimu: waacheni watoto waazime nyumbani, kwa bibi, kwa ssenga, kwa jirani. Itakuwa kubwa, ndiyo, na hiyo ndiyo raha yake. Asubuhi hiyo tengeni saa moja ya kuvaa tu, mwiteni bibi mmoja au wawili wa mtaani waje wawafunge mishipi. Anayeihurumia hariri yake atoe ile ya pamba.

Mimi sikodi. Binti yangu atavaa gomesi ya mama yangu, ile ya zambarau, na pini nimeshanunua.

Msomaji wako,
Walukuba, Jinja