Barua kwa vijana mnaofundisha simu kutazama samaki

Wanangu,

Jumapili ile mlipokuja kibarazani, mmoja wenu (simtaji, anajijua) alinisikiliza nikisimulia kazi nilizopitia mpaka mwisho, halafu akacheka: "Babu, wewe umerukaruka sana!" Mwenzake akamalizia: mshika mbili moja humponyoka. Nikawaacha mcheke. Kahawa ilikuwa ya moto, na mimi si hodari wa kujibu papo kwa papo. Jibu limenijia usiku, na kwa kuwa wenzenu wa kazi hii ya kuifundisha mashine kuona wako wengi, Dar, Mombasa, Kigali na kwingineko, naliandika wazi.

Kurukaruka nakubali. Nilianza na utafiti wa namna binadamu anavyoona, huko Uingereza. Nikafundisha chuoni. Nikaenda Marekani kuifundisha kompyuta kuona. Na nilipofika miaka 52, umri ambao wenzangu walikuwa wanajenga nyumba za kustaafia, nikapanda basi hadi Nairobi kujifunza urubani pale uwanja wa ndege wa Wilson. Bibi yenu alidhani nimerogwa. Methali nayo haikukosea, maana vimeniponyoka vingi. Uprofesa sikuupata, na kiinua mgongo changu ni vipande vinne ambavyo ukiviunganisha havifikii kimoja kizima. Mtu akiwaambia kwamba kubadili fani hakuna gharama, muulizeni kodi ya nyumba analipiwa na nani.

Lakini nilichokuwa nakifuata nilikutana nacho kabla ya kazi zote hizo, ndani ya jahazi la baba.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Ni usiku, tunatoka Pemba kurudi Tanga, na mbele kushoto kuna taa ya chombo kingine. Baba akanikalisha, akanishika kichwa kwa mikono miwili ili kisicheze, akaniambia niitazame taa ile ikiwa imepangana na mlingoti. "Ikisogea kwenda mbele, itatutangulia. Ikirudi nyuma, itatupita nyuma. Ikikaa pale pale, hiyo inatujia sisi." Nikatazama. Taa haikusogea. Ilikuwa inakua tu, kidogo kidogo, kama mtu anayepandisha utambi. Baba akasukuma msukani bila kusema kitu, na baada ya muda tukasikia sauti za watu wakipita gizani karibu yetu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa darasani Uingereza, nikasikia habari za James Gibson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya kazi na jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili, akichunguza marubani wanajuaje wanakokwenda. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza kwamba ukisonga mbele, kila unachokiona hutawanyika kutoka kwenye nukta moja, na nukta hiyo peke yake ndiyo haisogei. Hapo ndipo utakapofikia. Mwaka 1976 mwanasaikolojia David Lee wa Chuo Kikuu cha Edinburgh akaongeza jambo: kasi ya kitu kupanuka machoni inatosha kukujulisha muda uliobaki kabla ya kugongana nacho, hata kama hujui kiko mbali kiasi gani wala kinakwenda mwendo gani. Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nanusa mafuta ya sifa, yale ya papa yanayopakwa mbao za jahazi.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na ndege ndogo inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa kuliko ingekimbia hapa Tanga. Mwalimu wangu wa urubani, mama mmoja wa maneno machache, alinichorea doa kwa kalamu kwenye kioo cha mbele. Siku ya tano au ya sita nikawa natua, nimeelekeza pua kwenye namba nyeupe zilizopakwa mwanzo wa njia. Sina wasiwasi, haya nimeyasoma, nimeyafundisha, nimeyaandikia. Akaniuliza, "Mzee, ni nini kimetulia?" Namba zilikuwa zinapanda taratibu kiooni. Kilichotulia, jirani kabisa na lile doa, yalikuwa majani yaliyo kabla ya njia.

"Ongeza moto," akasema.

Baba alinifundisha kukikwepa kilichotulia. Pale nilikuwa nakwenda kutua juu yake, na shahada zangu zote zilikuwa zimekaa nami kitini bila kuniambia neno.

Sasa tuje kwenye samaki wenu. Programu inatazama jicho na shavu la samaki kwa kamera ya simu, kisha inatoa hukumu: mpya, au amelala. Mliniambia inapatia mara 96 katika 100, nikasema mashallah. Nikauliza picha mlizoifundishia mmepigia wapi. Mkanionyesha changu na kolekole kwenye sahani nyeupe, saa sita mchana, uani kwa mmoja wenu. Nikanyamaza kwa sababu mlikuwa wageni wangu. Leo si wageni.

Nilipokuwa nafundisha, somo la kwanza sikulianza ubaoni. Kila mwanafunzi nilimpa karatasi ya daftari yenye mistari. Chora msalaba kushoto na doa kulia, sentimita 8 kati yao. Ziba jicho la kushoto, la kulia likazie kwenye msalaba, kisha sogeza karatasi polepole kuelekea usoni. Ikifika kama sentimita 30, doa linatoweka. Fanyeni sasa hivi, barua itawasubiri. Kila mmoja wetu ana mahali pasipoona, pale ambapo mshipa unatoka nyuma ya jicho kwenda kwenye ubongo, na Mfaransa Edme Mariotte alikwisha kulieleza jambo hili tangu karne ya 17. Darasa lilikuwa linapiga kelele doa likitoweka. Mimi nilikuwa nawasubiri watulie ili niwaulize, "Mahali pa doa mnaona nini?" Wanatazama tena. Wanaona mistari. Hakuna shimo, hakuna weusi. Ubongo umechukua mistari ya pembeni ukaiunganisha, na haukumwambia mwenye jicho.

Nikawa nafundisha hivyo mwaka baada ya mwaka, halafu nikaenda kazini nikasahau.

Ya kompyuta mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarefusha. Mwaka 1966 pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, mtaalamu wa kompyuta Seymour Papert aliandika mpango wa kuwapa wanafunzi kazi ya kujenga sehemu kubwa ya mfumo wa kuona katika likizo moja ya kiangazi. Ilichukua mpaka mwaka 2012 ndipo mitandao ya nyuroni, yaani programu zinazojifunza kwa mifano, ikaanza kutambua picha kwa kiwango kilichomnyamazisha kila mtu. Mimi niliingia katikati, kwenye kampuni moja iliyotengeneza malango yanayofunguka kwa sura ya mfanyakazi. Tulilijaribu lango letu miezi. Kila asubuhi linanifungukia mimi, Mwafrika mweusi tii, na wenzangu wananipigapiga bega: umeona, halibagui.

Mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa mtu wa Afrika Magharibi. Usiku mmoja nilichelewa kutoka nikamkuta amesimama mbele ya lango, simu mkononi, anajimulika tochi usoni. Nikamuuliza ameanza lini kufanya hivyo. "Tangu mlipoliweka hapa, mzee." Hakuna aliyemuuliza, naye hakutaka kuonekana mkorofi. Mimi lilinifungukia kwa sababu sura yangu ilikuwa miongoni mwa picha tulizolifundishia. Nilikuwa ile mistari ya daftari. Kwa sababu yangu hakuna aliyeona shimo.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha vipimo vya programu tatu za kibiashara zinazobashiri jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Walitumia picha za wabunge 1,270 kutoka nchi sita, Rwanda ikiwa mojawapo. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Watu walishtuka. Mimi nilimkumbuka mlinzi na tochi yake, na nilijua kwamba tulikuwa na takwimu zetu ndogo mlangoni kila usiku, tukizipita kwenda kupanda magari.

Mnaniuliza kwa nini urubani, tena uzeeni. Ni kwa sababu ya lile lango, ingawa wakati ule nisingeweza kulieleza hivyo. Nilikuwa nimechoka kukosea juu ya vichwa vya watu. Mtafiti akikosea, anakosea kwenye jarida. Mwalimu akikosea, wanafunzi wananakili. Mwenye programu akikosea, anaumia mtu asiyemjua, mbali, na mara nyingi mtu huyo hana pa kusemea. Rubani akikosea, yumo humo humo ndani.

Kuna zoezi walilonifanyisha juu ya tambarare za Athi. Mwalimu aliniambia nifumbe macho, yeye ashike usukani. Tukakaa hivyo karibu nusu dakika, injini inanguruma sawasawa. "Tunaelekeaje?" Nikajibu kwa uhakika kabisa: tumenyooka. "Fumbua." Bawa la kushoto lilikuwa limelala chini na dunia yote imeinama dirishani. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji. Ukianza kugeuka, majimaji yanabaki nyuma na mwili unajua, lakini ukiendelea kugeuka kwa mwendo ule ule, yanakufikia, na sikio linakuapia kwamba umetulia. Aliponyoosha ndege, nikahisi tunapinduka kwenda kulia. Mikono ilitaka kuirudisha ilikokuwa. Kipimo cha upeo wa macho mbele yangu kinasema tuko sawa, mwili wote unasema kinadanganya.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwaweka marubani 20 wasiozoea kuruka kwa vipimo katika hali ya kutoona nje, kama mtu aliyeingia mawinguni. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178. Na hawakuwa wazembe hao, walikuwa wanafuata kile ambacho miili yao ilikuwa na hakika nacho.

Basi asilimia zenu 96 mlizipima kwa picha za uani ule ule. Hilo ni sikio linaloapa kwamba limetulia. Nendeni dikoni, wanakoshushia samaki, alfajiri, kabla ya jua, wakati mnada unaanza na samaki wanamulikwa kwa taa za simu na taa za betri za rangi ya buluu. Pigeni picha vibua waliorundikana kwenye ndoo, wenye mchanga, wenye damu ya jodari aliyekuwa juu yao. Pigeni jioni penye moshi wa mama wakaangaji. Simu iwe ya bei ndogo yenye kioo kilichopasuka, maana ndiyo watakayokuwa nayo watumiaji wenu. Namba itashuka. Ileteni hiyo iliyoshuka, ndiyo nitakayoisoma.

Pia ifundisheni kusema "sijui". Serengeti waliweka kamera 225 za kunasa wanyama wakipita, zikatoa picha milioni 3.2, na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha mashine inayotambua wanyama katika picha hizo kwa usahihi wa asilimia 93.8. Kilichonipendeza mimi ni kwamba waliiruhusu kunyamaza. Picha isiyo na hakika nayo inaachiwa watu, na kwa njia hiyo ikafikia usahihi wa watu wa kujitolea waliokuwa wakizitambua picha hizo kwa macho, asilimia 96.6, huku ikiwaokolea karibu kazi yote. Rubani akiona kutua hakujakaa vizuri anaongeza moto, anapaa tena, anazunguka, na uwanjani hakuna anayemcheka. Programu yenu haina hilo neno "sijui". Ukiionyesha kandambili itakuambia ni mpya au imelala. Nimejaribu.

Na jambo ambalo sitaki mnibishie: kwa mwezi mmoja, kila mmoja wenu anunue samaki wa nyumbani kwake kwa neno la programu hiyo, kwa fedha yake mwenyewe, bila kushika shavu wala kunusa. Ampeleke kwa mama yake apike. Mkisita, mmeshajua cha kurekebisha. Yule mama wa dikoni ambaye simu yenu itasema mzigo wake umelala, wakati umetoka majini usiku ule, atapoteza mtaji wa wiki nzima, na hatajua aende kumlalamikia nani. Nyinyi mtakuwa Dar, kwenye mkutano, mnapewa cheti.

Mimi angani siendi tena. Daktari amenizuia, jicho la kulia lina mtoto wa jicho na limefunga ukungu. Programu yenu mliniachia kwenye simu, kwa hiyo juzi nilijimulika jicho hilo nikajipiga picha. Ikasema nimelala, kwa uhakika wa asilimia 91.

Upasuaji ni Alhamisi. Jumapili njooni, na mje na changu mmoja ambaye simu imemchagua gizani. Bibi yenu atakaanga. Sitakuwa wa kwanza kumega.

Babu yenu,
Tanga